Aliyekwanguliwa Dirishani

Kitu cha kwanza kilichomshangaza Hermance ni kwamba mumewe hakugomba.

Alikuwa amejiandaa tangu alfajiri. Maneno alishayapanga: ya kwanza ya upole, ya pili ya uchungu, na ya mwisho yale ambayo mke huyaweka akiba miaka na miaka akiingojea siku yake. Basi Anselme akaichukua karatasi iliyotoka kwenye mashine ya kuchapa, ingali mbichi, akaisogeza dirishani penye mwanga, akaitazama juu hadi chini, kisha akasema, "Imetoka vizuri. Wino umekaa."

"Hujaona kitu?"

"Kitu gani?"

"Tazama dirisha. Lile la juu ya bucha."

Anselme akatazama tena, karatasi karibu imguse pua. "Naona kivuli kidogo, kama mtu amepumulia kioo. Kitatoka ukipangusa vizuri. Dirisha lenyewe tupu. Ulitaka niweke mtu?"

"Anselme, usinifanye mtoto mdogo. Delphine yuko wapi?"

"Delphine nani?"

Hermance akacheka kicheko kisicho na raha. Wanaume bwana! Mtu amekutwa na samaki mdomoni, bado anauliza bahari iko upande gani. Akachukua kitambaa chake cha kufutia wino, akaanza kulisugua bamba la shaba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Picha yenyewe ilikuwa ya mtaa wao, Mtaa wa Bakuli Tatu, mmoja wa ile mitaa ya zamani ya Paris iliyokuwa imeshapigwa alama za chokaa, baridi ikiisha ibomolewe ipite barabara pana. Anselme, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora kwenye shaba, alisema mtaa hauwezi kufa bila kuacha sura. Akaketi miezi minne akiuchora kwa sindano, kila mtu mahali pake. Mlangoni pa bucha alilala Sultani, mbwa wa Bwana Lebrac mwenye bucha. Hatua chache mbele yake alipita Gaspar, mchukuzi wa maji, na ndoo zake mbili. Halafu Bibi Fanchon na karai lake la viazi vya kukaanga. Na mwisho kabisa, kwenye bomba la mtaa, alisimama binti yao Blandine, mwenye miaka sita, na gurudumu lake la mbao.

Na juu ya bucha, ghorofa ya pili, dirishani, aliegemea Delphine mpiga pasi, ameweka viwiko kizingitini, anapumzika.

Delphine huyo hakuzidi ukubwa wa punje ya dengu. Lakini punje hiyo ilimchukua Anselme siku tisa. Binti yake wa kumzaa alimchora asubuhi moja akamaliza. Mpiga pasi wa ng'ambo ya barabara, siku tisa, anamtazama, anatazama shaba, anamtazama tena. Hermance alihesabu. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Hermance alishiriki mpaka gauni likaanza kumpwaya.

Basi jana yake, saa tisa alasiri, mume alipokwenda kununua karatasi, Hermance alishika kikwangulio. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga chapa wa nyumba hiyo. Miaka kumi alikuwa akipaka wino na kuufuta kwa kiganja, na shaba aliijua kuliko mwenye kuichora. Alimkwangua Delphine kuanzia kichwani hadi viwikoni, akapaka mafuta, akasugua kwa chuma mpaka pale mahali pakang'aa. Kila mtu wa kazi hiyo anajua kwamba ukishakwangua lazima uligeuze bamba uligonge kwa nyuma, ili bonde ulilochimba lipande lilingane na pengine. Usipogonga, bonde linashika wino. Lakini wa kugonga ni Mzee Mouchet, mfua shaba, na Mouchet angeuliza maswali. Hermance akaacha bila kugonga.

Sasa, baada ya nakala ile ya kwanza, aliposhuka kuchota mkaa alipita kwa Mama Pichot, mlinzi wa mlango wa jumba lao, aliyejua nani kala nini na nani kalala wapi.

"Mama Pichot, huyu Delphine leo vipi, hapigi pasi?"

"Nani?"

"Delphine. Wa juu ya bucha."

Mama Pichot akamshusha paka magotini. "Mama Blandine, umeamkaje leo? Chumba kile hakijapangwa tangu mwaka wa kipindupindu. Wapangaji wake ni panya."

Hermance akatoka barabarani akatazama juu. Mbao za dirisha zilikuwa zimefungwa, na mavi ya njiwa yaliyozigandia yalikuwa ya miaka. Juzi tu alikuwa ameona hapo kamba ya mashati. Akasimama na ndoo ya mkaa mkononi mpaka mwendesha gari la farasi akamtukana ili apishe.

Aliporudi juu, chumba cha kazi kilinuka wanga na kitambaa kilichoanza kuungua.

"Nani anapiga pasi humu?" akauliza.

"Hakuna," akasema Anselme, bila kuinua kichwa.

Saa ya kanisa ikagonga mara tatu, ile saa tisa ya alasiri. Nyuma ya mashine, mahali pasipo na kitu ila ukuta, ikasikika *tok*, kama chuma kizito kinachowekwa juu ya kigae chake. Kisha *tsss*. Hermance aliujua mlio huo. Kila siku kwa miaka mitatu aliusikia kutoka ng'ambo ya barabara: Delphine alikuwa na tabia ya kuiweka pasi kwa kishindo, kisha kuitemea mate apime moto wake.

Akapiga nakala nyingine ili mikono yake ipate kazi. Ilipotoka, mlangoni pa bucha hapakuwa na mbwa.

Akalitazama bamba. Pale alipolala Sultani, shaba ilikuwa laini, imesuguliwa na mkono stadi kuliko wake. Hakungoja kuvaa shali. Alishuka ngazi mbili mbili.

"Bwana Lebrac! Sultani yuko wapi?"

"Sultani gani tena, mama?"

"Mbwa wako!"

Wateja wakageuka. Bwana Lebrac akafuta kisu kwenye aproni yake. "Mimi nifuge mbwa kwenye bucha? Kwani nina wazimu? Si afadhali nimwajiri fisi alinde nyama!"

Watu wakacheka. Hermance akatazama kizingiti cha mlango. Ubao ulikuwa umetafunwa kona nzima, na alama za meno zilikuwa nyingi, mpya kwa za zamani, wala hakuna aliyekuwa akijiuliza zimetoka wapi.

Siku ya pili hakuchapa. Alisema kiganja kinamuuma. Alilifunga bamba ndani ya blanketi la sufu, akalisukuma chini ya kitanda, juu yake akaweka sanduku la nguo za harusi. Lakini nakala ya kwanza, ile ya kivuli, ilikuwa bado inaning'inia kwenye kamba ikikauka, na mbwa hakuwamo humo pia, ingawa alipoichapa alikuwamo, na aliona kwa macho yake. Hermance akaketi mbele yake na kikapu cha soksi za kutia viraka, sindano isiende mbele wala nyuma, akitazama. Alishaanza kuelewa kitu asichotaka kukielewa: kwamba Anselme hakuwa akijifanya, kwamba mtu akitoka kwenye shaba ile, anatoka na kwingine kote.

Saa ya kanisa ilipogonga, harufu ya kitambaa kibichi chini ya pasi ya moto ikajaa chumbani, *tok*, *tsss*, na pale kwenye karatasi Gaspar mchukuzi wa maji akapanda kama mvuke unavyopanda kwenye shati, kofia kwanza, mabega, ndoo ya kushoto, ndoo ya kulia, mpaka ikabaki karatasi nyeupe.

Hermance akakimbilia ngazini. Orofa ya tatu, juu ya ngazi, zilisimama ndoo mbili zimejaa, maji yake yangali yakicheza. Mtu hakuna.

"Nani kaacha ndoo hapa?" Ilikuwa sauti ya Anselme, anapanda. "Mama Blandine, si nimekuomba? Ukichoka kubeba, zisogeze pembeni. Mtu atakuja kuvunjika shingo."

"Mimi sijabeba maji. Gaspar ndiye…"

"Gaspar nani?" Akazichukua ndoo, akampita. "Njoo ukae. Unapanda orofa tano na maji kila siku, lazima mwili uchoke."

Hermance akafungua viganja. Chini ya kila kidole lilikuwa sugu gumu la njano, sugu la mtu aliyebeba ndoo miaka mingi. Jana hayakuwepo.

Usiku huo alilala na Blandine kifuani na hakufumba jicho. Alikuwa ameshahesabu. Kutoka dirisha la Delphine kwenda mbele: mbwa, mchukuzi wa maji, muuza viazi. Halafu bomba.

Siku ya tatu akaamua kupambana. Ikiwa mtu anachukuliwa, alijiambia, basi atamshika asichukuliwe. Saa tisa kasorobo alikuwa kando ya karai la Bibi Fanchon, amemshika mkono, ule mkono mnene wenye makovu ya mafuta ya moto.

"We Mama Blandine, leo kulikoni?" akasema Bibi Fanchon. "Umening'ang'ania kama mchumba! Mume wangu wa kwanza hakunishika hivi hata siku ya ndoa."

"Bibi, nikuombe kitu. Usiniachie."

"Nitageuzaje viazi kwa mkono mmoja? Watu wana njaa."

"Viache viungue. Nakuomba, bibi yangu."

Bibi kizee akamtazama usoni, mzaha ukamtoka. "Mwanangu, umeona nini?" akanong'ona.

Hermance hakuwahi kujibu, kwa sababu kengele ya kanisa iligonga, na harufu ya mafuta na viazi ikakatika ghafla ikaja ile nyingine, ya wanga na kitambaa kinachoungua, na akaufumbata mkono wa bibi kwa mikono yake yote miwili, akaukumbatia kifuani, akafumba macho, akausikia ukiwa mzito, ukiwa na joto, ukiwa na mpigo wa damu, kisha ukiwa na joto tu, kisha ukiwa na joto kama la nguo iliyotoka kupigwa pasi, kisha si kitu. Alipofumbua macho alikuwa amesimama peke yake kando ya barabara akikumbatia hewa, na mwanamume aliyekuwa akingoja viazi akampita bila kugeuka, akipiga mluzi, kama mtu ambaye hakuwa akingoja chochote.

Chini, juu ya mawe ya barabara, palikuwa na duara jeusi la masizi.

Masikioni mwake, karibu kabisa, sauti ya kike ikasema polepole, "Umeona inavyokuwa?"

Siku ya nne asubuhi alimfungia Blandine chumbani, akamwambia Anselme asimfungulie mtu hata akiwa padri, akalitoa bamba chini ya kitanda, akaenda nalo mbio kwa Mzee Mouchet.

Mouchet alikuwa amefua shaba miaka hamsini, na nyundo zilikuwa zimemla masikio yote mawili. Ukitaka kusema naye lazima upige kelele. Vijana wanane walikuwa kwenye meza zao wakigonga, na Hermance, aliyefanya jambo lake kwa siri ya mlango uliofungwa, ilimbidi alitangaze mbele yao wote.

"Nimekwangua mtu!"

"Ehe?"

"Nimemkwangua mtu kwenye bamba! Mwanamke! Kwa wivu!"

Nyundo zikanyamaza moja moja. Mouchet akalichukua bamba, akalipitisha kidole gumba, akafika dirishani, kidole kikasimama. Akakiondoa upesi, akakinyonya kama aliyeungua.

"Hukuligonga," akasema.

"Sikuligonga!"

"Shaba hii niliifua mwenyewe. Ilikuwa paa la kanisa dogo la makaburini, lile walilolibomoa mwaka juzi, walimokuwa wakiombewa maiti wasiojulikana majina. Miaka mia mbili imesikia sala hizo. Nilimwambia mumeo, shaba hii ni laini, inashika kila kitu, itendee kwa adabu. Akanicheka." Akalirudisha bamba mikononi mwa Hermance. "Ulichimba shimo, binti. Ungeniletea siku ile ile ningeligonga, likafunga, yakaisha. Sasa liko wazi, na aliye ndani anavuta wenzake."

"Ligonge sasa!"

"Sasa kuna mtu ndani. Nimpige mtu nyundo?"

"Basi liyeyushe!"

"Binti yako yumo humu?"

Hermance akalikumbatia bamba kifuani. Vijana wanane walikuwa wameinamisha vichwa.

"Shimo hilo halizibwi kwa kitu ila uso," akasema Mouchet, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyeshusha sauti. "Mrudishe uliyemtoa. Sura yake ile ile, si ya kufananisha. Kabla ya saa ile uliyomtoa."

Akarudi nyumbani karibu anacheka kwa furaha. Kumbe ni hilo tu! Alimtazama Delphine kila siku kwa miaka mitatu. Nani duniani aliyemtazama Delphine kuliko yeye? Akamtuma Anselme akanunue wino mweusi, mbali, ng'ambo ya mto. Akamketisha Blandine sakafuni na gurudumu lake. Akaweka bamba mezani. Kulisha shaba kwa tindikali, kama afanyavyo Anselme, kungechukua muda, kwa hiyo alishika sindano nene, achore moja kwa moja juu ya shaba tupu. Ilikuwa saa nane na nusu.

Akaanza na viwiko. Vikaja vyenyewe. Akachora mikono ya gauni iliyokunjwa, akachora shingo, akachora nywele zilivyofungwa juu kwa utepe, ule wa bluu aliouvaa kila siku. Alipofika usoni, sindano ikasimama.

Macho yalikuwaje? Pua ilikuwaje? Akafumba macho amtafute. Akaona dirisha, akaona mashati, akaona shingo iliyoinama, na kila alipotaka kupanda juu ya shingo ile aliona kitu kimoja tu: Anselme, na sindano mkononi, akitazama. Miaka mitatu Hermance alikuwa akimtazama mumewe akitazama. Mwanamke mwenyewe hakuwahi kumwangalia usoni hata mara moja.

*Tok.*

"Huukumbuki," sauti ikasema nyuma ya mashine.

Hermance hakugeuka. Shingo ilikataa. "Delphine," akasema kwa kunong'ona, "nisamehe. Nisamehe kwa jina la Bikira. Niambie macho yako yalikuwaje."

"Nilikuwa nimeshika shati la bwana harusi wa watu. Pasi ilikuwa mkononi, ya moto. Ghafla nikasikia kichwa kinakwanguliwa. Unajua mahali uliponiweka? Hakuna juu, hakuna chini. Shati lile bado haliishi. Nalipiga, linajikunja, nalipiga, linajikunja."

"Nilidhani… siku tisa, Delphine. Alikuchora siku tisa. Kwa nini siku tisa?"

Kikohozi kikamjibu, kirefu, kikavu, cha mtu ambaye kifua kimekwisha, na kilipotulia sauti ikasema, "Kwa sababu hiyo. Sikuweza kutulia dirishani. Kila akishika sindano nakohoa. Alinionea huruma akangoja. Ungeniuliza tu, mama. Nilikuwa ng'ambo ya barabara."

Hermance akausikia ukweli ukimwingia, nao ulikuwa mdogo na wa kijinga kiasi kwamba alitamani ingekuwa ile dhambi aliyoidhania. Alijichukia, na alijichukia kwa haki.

"Mama," akasema Blandine sakafuni, "gurudumu langu liko wapi?"

Hermance akageuka. Mtoto alikuwa ameshika kijiti tu. Kwenye nakala iliyokuwa ikining'inia kambani, penye bomba, msichana alikuwa amesimama bila gurudumu.

"Bado robo saa!" Hermance akapiga kelele. "Saa tisa haijafika!"

"Nimechoka kungoja," sauti ikasema.

"Mama, miguu yangu haisikii baridi. Mama, siioni."

Akamrukia mtoto, akampandisha mezani mbele yake, na gauni la mtoto lilikuwa linaishia magotini na chini ya magoti hapakuwa na kitu, hapakuwa na damu wala jeraha, kulikuwa na weupe tu kama wa karatasi ambayo haijaguswa, nao ulikuwa unapanda, na mtoto mwenyewe hakulia bali alitazama kwa mshangao mapaja yake yakienda, na Hermance akashika sindano kwa mkono wa kulia na mtoto kwa mkono wa kushoto, akachora jicho, akalifuta, akachora jingine, akalifuta, na kila moja lilikuwa jicho la mwanamke yeyote, wala si la Delphine, na harufu ya pasi ilikuwa sasa mdomoni mwake, ikimpalia, na pumzi ya moto ikawa begani.

"Unioneshe uso wako! Njoo nikutazame! Nitautazama vizuri, naapa!"

"Sina. Uliufuta. Siku zote ulikuwa na nafasi ya kuutazama." Pumzi ikasogea sikioni. "Uso unaoujua ni mmoja, mama. Mchore huyo."

Mezani, kama kwa mchoraji wa shaba yeyote, kilikuwapo kioo kidogo, kwa maana picha huchorwa kinyume ili ikichapwa ikae sawa. Hermance akakitazama. Mwanamke wa miaka thelathini na minne akamtazama, nywele zimemtoka kwenye kitambaa, wino shavuni.

"Nikijiweka mimi," akasema, na sauti yake ikatulia ghafla, "mtoto utamwacha?"

"Mtoto namtaka mzima."

Halikuwa jibu la swali lake, naye aliliona hilo. Lakini weupe ulikuwa umefika kifuani mwa Blandine, na hakukuwa na muda wa kujadiliana. Akachora. Akachora paji lake la uso, mikunjo miwili ya katikati ya nyusi, pua yake aliyoirithi kwa baba, macho yake aliyokuwa akijua yamekaa karibu karibu. Alipofika kwenye mdomo akamtazama binti yake kwa mara ya mwisho, akaona magoti yakirudi, akaona miguu, akaona viatu vyenye matope, akasikia gurudumu likianguka sakafuni na kuzunguka. Akamalizia mdomo. Saa ya kanisa ikagonga.

Hakukuwa na maumivu. Kulikuwa na jiwe la kizingiti chini ya viwiko vyake, baridi, na mtaa mzima chini yake, mweusi na mweupe, umetulia. Akajaribu kuinua kiwiko. Akajaribu kufumba macho. Mbele yake, mbali na karibu kwa pamoja, kilikuwa chumba chake cha kazi, na kutoka kwenye barabara ya kweli, chini kabisa, Sultani akabweka na Bibi Fanchon akamfokea.

Anselme akaingia na chupa ya wino. Akaitazama nakala kambani, akaishika pembe mbili.

"Ala! Limejaa dirisha. Nilimweka lini huyu?"

"Umesahau," akasema mwanamke mmoja, akitoka jikoni anakunjua mikono ya gauni. Nywele zake zilifungwa juu kwa utepe wa bluu. Hakuwa na kikohozi. Sasa Hermance aliuona uso, kila kitu chake, macho ya kijivu, doa dogo juu ya mdomo, na alijua kwamba hatausahau tena milele.

"Mama!" akaita Blandine.

Hermance akaitika kwa nguvu zake zote. Hata wino haukutikisika. Mtoto akapita mbio chini yake, akajitupa kwenye gauni la Delphine, na Delphine akainama, akamfuta wino shavuni kwa kidole kilicholowa mate, akamfunga shali shingoni, taratibu, kama mtu aliyefanya hivyo kwa miaka sita.

"Sura yake haipendezi," akasema Anselme, akikuna kidevu. "Amenuna. Anaharibu mtaa mzima. Unaonaje, Mama Blandine, nimkwangue?"

Delphine akainua macho, akamtazama Hermance moja kwa moja.

"Mwache," akasema. "Mwache atazame."